Mlevi, Mgonjwa, au Yote Mawili: Habari za Wenye Wazimu na Ulevi Tangu Zamani Hata Leo

Katika vitabu vya yubilei kama hiki desturi ni kuhesabu: makanisa mangapi yamejengwa, watu wangapi wamebatizwa, shule ipi ilitangulia, na ni nani waliolala makaburini baada ya kuimaliza kazi yao. Hayo yote ni mema, na wenzetu wameyaandika katika kurasa nyingine. Sisi tumeombwa kuandika habari za watu wasiohesabiwa sana, yaani wale waliorukwa na akili, na hasa wale ambao pamoja na ugonjwa huo wameshikwa na pombe, au bangi, au unga. Watu hao wamo katika kila mtaa wetu, wala hakuna mzee wa kanisa asiyejua mlango wa nyumba yao.

Sote twakumbuka habari za Hana, mkewe Elkana, aliyeomba kule Shilo midomo ikitikisika na sauti isisikike, hata kuhani Eli akadhani kwamba amelewa, akamkemea. Eli alikuwa mzee mwenye heshima, na macho yake yalikwisha kuona walevi wengi. Walakini siku ile alikosa, kwa kuwa alitazama midomo asiulize moyo. Tena Hana alipomjibu, Eli alikubali kusahihishwa, akambariki. Habari tutakazosimulia ni za watu wengi waliokosa kama Eli, wengine wenye elimu kubwa; baadhi yao walikubali kusahihishwa, na baadhi hawakukubali. Sisi wenyewe tumo katika hesabu hiyo, kama mtakavyosoma mbele.

MAULIZO YA WAZEE

Wazee wetu walikuwa na neno "wazimu", nalo lina udugu na neno "mizimu"; basi katika jina la ugonjwa mlikuwa mna shauri zima la asili yake. Mtu alipoanza kusema peke yake au kukimbilia porini, jamaa zake walikwenda kwa mganga, na mganga hakuanza na mgonjwa. Aliwauliza jamaa: Alianza lini? Kulikuwa na msiba gani nyumbani? Mahari imekwisha? Ni nani mwenye ugomvi naye? Maulizo hayo mara nyingi yaliishia katika ramli, na mara nyingine bibi kizee asiye na kosa aliitwa mchawi akafukuzwa. Ubaya huo hatuusahau. Walakini maulizo yenyewe yalikuwa na maana, kwa sababu yalitafuta habari ya maisha ya mtu kabla ya kumpa jina.

Pombe nayo ilikuwa na mahali pake. Ilinywewa baada ya kulima shamba la jirani, katika arusi, katika matanga, na katika tambiko, na watu walikunywa pamoja kutoka katika chungu kimoja. Hakuna aliyehesabu vikombe. Aliyewashtua wazee ni yule aliyekunywa peke yake, au aliyeacha shamba lake likaota magugu, au aliyetukana wakwe zake. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao cha ulevi, nacho, kama tutakavyoona, si mbali sana na kipimo cha madaktari wa leo.

Misheni zilipokuja, sheria ya mitaa ikawa na safu mbili. Mlevi alitengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Mgonjwa aliombewa na kuletewa uji. Lakini yule aliyekuwa mlevi na mgonjwa pamoja, aandikwe safu gani? Hakuwa na mahali pake, na kwa kuwa ulevi huonekana upesi kuliko ugonjwa, mara nyingi aliandikwa upande wa walevi.

LUTINDI

Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, iko Lutindi. Mwaka 1896 ilijengwa huko nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka ikapita, watoto wa namna hiyo wakapungua, na mwaka 1904 nyumba ile ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Kabla ya hapo, mwenye wazimu aliyesumbua watu mjini alifungwa gerezani, na wa shamba alifungwa kamba nyumbani kwao.

Lutindi wagonjwa walilima. Watu wa mjini wakisikia hivyo hucheka, wakidhani kwamba jembe si dawa. Lakini fikirini: mtu aondolewe kilabuni, ale kila siku, alale usiku, afanye kazi kwa kiasi, na muda upite. Aliyerukwa na akili kwa ajili ya kileo, akili yake huanza kurudi. Aliye na ugonjwa mwingine chini ya kileo, ugonjwa wake hubaki ukionekana wazi, kama jiwe la mtoni maji yakipungua. Huo ndio msingi wa kupima hata leo, nao watuonyesha kwamba mahali pa utulivu na siku za kutosha ni nusu ya uganga.

SAFU YA "SABABU" KATIKA BARA HINDI

Sasa twaomba wasomaji wavuke bahari pamoja nasi, maana huko Bara Hindi lilitokea jambo lenye mafundisho makubwa. Waingereza walikuwa wamejenga nyumba za wenye wazimu, na katika daftari za nyumba hizo mlikuwa na safu ya kuandika sababu ya ugonjwa. Wagonjwa wengi waliandikiwa "bangi". Habari hizo zikafika London, watu wakadai bangi ipigwe marufuku, na serikali ikaweka baraza la kuchunguza jambo hilo katika miaka ya 1893 na 1894. Baraza liliwasikiliza mashahidi 1,193, likaandika vitabu saba.

Walipozifuatia daftari mpaka asili yake, waliona ajabu. Aliyeandika "bangi" mara nyingi hakuwa daktari aliyempima mgonjwa, bali polisi aliyemleta au karani aliyetakiwa asiiache safu ile wazi. Jamaa hawakuulizwa. Mtu akionekana amevuta, au ni wa watu wanaodhaniwa kuvuta, neno hilo likaandikwa. Mwaka 1892 waliopokewa walikuwa 1,344, na kati yao 222 waliandikiwa bangi. Baraza likatuma watu vijijini kuuliza jamaa na majirani, na baada ya kuuliza wakabaki 98 tu ambao kwa haki bangi ingeweza kutajwa, na katika hao 37 walikuwa na sababu nyingine pia. Basi zaidi ya nusu ya wale 222 walikuwa wamepewa jina lisilo lao.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba twaisifu bangi. Mwaka 1987 waganga wa Uswidi walitoa habari za vijana 45,570 walioandikishwa jeshini na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatikana na ugonjwa mkubwa wa akili mara sita kuliko wasiovuta kamwe. Mambo haya mawili husimama pamoja: bangi yaweza kudhuru akili, na karani aweza kuandika "bangi" palipo na jambo lingine. Anayejua moja tu, ajua nusu.

NAIROBI NA ABEOKUTA

Huko Nairobi, mwaka 1910, nyumba iliyokuwa ya wagonjwa wa ndui ilifanywa nyumba ya wenye wazimu, na mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Mwaka 1938 iliwekwa chini ya daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea kwanza magonjwa ya akili. Aliwapima wagonjwa walioletwa kwake, na wengi wao walikuwa wamekamatwa kwa fujo, au walitoka katika kazi za mashamba na miji, mbali na kwao. Wakimya, wenye huzuni, waliokaa nyuma ya nyumba ya mama zao, hawakufika. Kutokana na hao aliowaona alitoa hukumu juu ya Waafrika wote, na mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu lilipiga chapa kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ni vigumu kusoma jambo hilo bila uchungu. Lakini tusiishie katika uchungu. Tuulize kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa pale pale palipokuwa kosa la karani wa Bara Hindi: alihukumu kwa wale walioletwa mlangoni, asiende nyumbani kwao kuuliza.

Aliyekwenda nyumbani kwao alikuwa Mwafrika. Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta katika Nigeria, aliyesomea udaktari Uingereza, alianza mwaka 1954 kazi yake Aro, karibu na mji aliozaliwa. Aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu wa kumpikia na kumwangalia; asubuhi walipata dawa hospitali, na jioni walirudi katikati ya watu. Tena aliwaita waganga wa kienyeji, akasikiliza wanavyoyaita magonjwa, bila kuacha elimu yake. Kwa njia hiyo alipata kujua lipi ni ugonjwa, lipi ni huzuni ya msiba, na lipi ni desturi ya watu tu. Mtu akisema, "Marehemu baba alinijia usiku akanena nami," huko Ulaya huenda akaandikwa mgonjwa; katika Abeokuta, na kwetu pia, mtoto aliyefiwa kusema hivyo ni jambo la kawaida.

MILANGO MIWILI

Hapo katikati ya karne ya 20 wagonjwa wetu wenye mambo mawili walipata shida mpya, nayo ilitoka katika nchi zenye hospitali nyingi. Kulikuwa na mlango wa wenye wazimu na mlango wa walevi. Wa kwanza walimwambia mtu, "Acha pombe kwanza, ndipo tukutibu." Wa pili walimwambia, "Tibiwa wazimu kwanza, ndipo uje kuacha pombe." Naye akakaa njiani.

Mwaka 1990 zilitolewa Marekani hesabu zilizowashangaza wengi: katika kila watu 100 walioshikwa na skizofrenia, yaani ugonjwa mkubwa wa kusikia sauti na kuvurugika mawazo, 47 walikuwa wamepata kushikwa na kileo au dawa za kulevya katika maisha yao. Basi mwenye mambo mawili hakuwa mgeni wa nadra. Alikuwa karibu nusu ya nyumba. Tangu hapo madaktari wengi wamekubali kwamba mambo hayo yatibiwe pamoja, na watu wale wale, chini ya dari moja.

WANAVYOPIMA LEO

Daktari mwenye busara huanza na mwili, kwa maana malaria ya kichwa, pigo la kichwani, kaswende ya zamani, ukosefu wa chakula na magonjwa mengine yaweza kumvuruga mtu hata aonekane mlevi. Kisha hutafuta mpangilio wa siku: kipi kilitangulia, sauti au chupa? Alipokuwa haji kilabuni, kwa mfano alipokuwa safarini au kifungoni, hali yake ilikuwaje? Kwa kawaida, wazimu uliotokana na kileo hupungua baada ya kukiacha, na kukiwa kumepita kama mwezi mmoja na sauti zingali zikisikika, daktari hufikiri kwamba upo ugonjwa unaosimama kwa miguu yake wenyewe. Habari hizi mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kuzieleza. Mama ajua, shangazi ajua, na rafiki aliyelima naye ajua.

Hapo ndipo desturi na lugha huingia. Yapo maulizo kumi juu ya pombe, yaliyotengenezwa na Shirika la Afya la Ulimwengu katika miaka ya 1980 na kujaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Ni maulizo mazuri, lakini huuliza vipimo vya kinywaji. Mtu anywaye kibuyu kinachozunguka watu watano atajibu nini? Anywaye gongo isiyojulikana ukali wake atahesabu nini? Anayeuliza hana budi kujua pombe za mahali, chombo chake, na siku zake za kunywewa. Tena mwanamke hatasema mbele ya mkwe wake kwamba anakunywa, na Mwislamu wa pwani hatasema mbele ya majirani. Ukiuliza mbele ya watu utapata jibu la adabu, nalo si jibu la kweli.

Na maneno ya ugonjwa nayo ni yetu. Mtu wa kwetu hasemi, "Nina huzuni kubwa." Husema mawazo yamemzidi, kichwa chawaka moto, moyo waenda mbio, usingizi umemkimbia. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walitia katika kitabu chao cha kupimia maulizo 16 ya kumwuliza mgonjwa: shida yako waiitaje wewe, jamaa zako wasemaje juu ya sababu yake, umekwenda kwa nani kutafuta msaada, na nini katika maisha yako chakutia nguvu? Tulipoyasoma tuliwakumbuka wazee wetu na maulizo yao. Kitabu kile kimetoka mbali, kikafika mlangoni kwa babu. Tofauti ni kwamba daktari huuliza ili ajue, wala hamtafuti mchawi.

Maulizo hayo si ya bure. Katika Dar es Salaam, mwaka 2003, ilitangazwa habari ya waliopimwa katika zahanati na kwa waganga wa kienyeji. Katika zahanati, watu 24 katika 100 walikuwa na magonjwa ya akili yale ya kawaida, kama huzuni na hofu. Kwa waganga walikuwa 48 katika 100. Wagonjwa wetu wako huko, na asiyetaka kuuliza, "Umekwenda kwa nani?" hatajua walikopitia, wala dawa gani wamekunywa.

Pwani nako, tangu miaka ya 1980, umeingia unga, yaani heroini, na vijana wa Zanzibar na Dar es Salaam wameumia sana. Mtu akiukosa hushikwa na maumivu wanayoyaita arosto, na anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani amepagawa. Mwaka 2009 zilianza Zanzibar nyumba za upataji nafuu, na mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu ili mtu aweze kukaa bila unga. Kijana atulizwaye hivyo aweza sasa kuulizwa juu ya ndoto zake mbaya na misiba yake. Kabla ya hapo hakuwa na nafasi ya kusema neno ila kutafuta cha kuzima maumivu.

MAKOSA YETU WENYEWE

Tulisema kwamba nasi tumo pamoja na Eli. Tulikosa mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana.

Mara ya kwanza mama mmoja alitujia akasema, "Mwalimu, mwanangu huongea na watu nisiowaona." Tukamjibu, "Mama, mwanao ni mlevi, kijiji chote chajua. Aache pombe, kisha tutazungumza." Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, alianza kuongea nao kabla hajajua pombe." Neno lile lilikuwa ufunguo wa mambo yote, nasi tulilisikia kwa masikio tu. Kijana alikunywa ili sauti zinyamaze apate usingizi. Ikapita miaka miwili kabla hajafika kwa mganga wa akili, na huko jambo la kwanza waliloliuliza ni lile ambalo mama alikwisha kutuambia bila kuulizwa. Leo anatumia dawa na analima. Ile miaka miwili haikurudi.

Mara ya pili tulikosa kwa upande wa pili. Mzee mmoja aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi alifungiwa nyumbani na wanawe ili aache, nasi tukawasifu. Siku ya tatu akaanza kutetemeka na kutoka jasho, akaokota wadudu wasiokuwapo juu ya blanketi, akaita watu waliokwisha kufa. Tukasema, "Ni pepo wanatoka," tukaimba na kuomba usiku kucha. Kulipokaribia kucha akashikwa na degedege, akafa mikononi mwetu. Baadaye tu tulifundishwa kwamba mlevi wa muda mrefu akikatishwa pombe ghafula aweza kupata hali hiyo katika siku mbili tatu, na kwamba hospitali wanazo dawa za kumvusha. Hakuna aliyetuhukumu, maana hakuna aliyejua. Sisi twajua sasa, ndiyo sababu tumeandika.

NENO LA KUMALIZIA

Basi, ndugu zetu wazee wa mitaa, walimu na akina mama, katika mwaka huu wa yubilei twawaomba mambo machache. Mtu akivurugika, msiseme upesi "ni pombe," wala msiseme upesi "ni pepo." Ulizeni: kipi kilitangulia? Wasikilizeni walioishi naye. Mzee aliyezoea pombe siku zote asifungiwe ili aache; apelekwe kwa daktari, na kama ametetemeka au kuweweseka, apelekwe usiku ule ule, na sala iende pamoja naye njiani. Mwenye kusikia sauti asiambiwe arudi akiisha kuacha kunywa. Na mfikapo hospitali msione haya kusema mlipita kwa mganga, na pombe yenyewe inaitwaje, na chungu kilikuwa cha watu wangapi.

Eli alikosa, akasikia jibu, akabadili neno lake siku ile ile. Mama yule alitujibu kwa sauti ndogo mlangoni petu, tena kwa adabu. Tungalimkaribisha aketi, tungalijua yote.